Nyuki wana chuo Tabora, mapango yana nani?

UKITAJA Tabora kwa mfanyabiashara, atakutajia tumbaku, reli na asali. Asali hiyo haikupata jina kwa bahati tu. Mjini humo kipo chuo cha ufugaji nyuki, ambako kijana anasomea mdudu mmoja hadi anapata cheti cha kuombea kazi. Zamani nyuki alikuwa shughuli ya mzee na mzinga wake wa gome.

Mapango hayajapata bahati hiyo. Nchi ina Amboni mkoani Tanga, Songwe kule Mbeya na mapango ya Umatumbi wilayani Kilwa, lakini kumpata mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni pango ni shughuli pevu. Mambo ya kale yana sheria ya mwaka 1964, wanyamapori na maji zina zao za mwaka 2009, madini ya mwaka 2010. Pango moja linaweza kuwa na michoro au mizimu juu, popo katikati, maji chini na chokaa pande zote, likagombewa na ofisi nne, na isiwepo hata moja yenye ramani yake.

Mkazi wa Tabora anaweza kuuliza yeye anahusika vipi, maana vilima vyake ni vya graniti. Ni kweli, graniti hupasuka, haiyeyuki. Mapango makubwa hutokea kwenye mawe ya chokaa, ambayo maji ya mvua yenye hewa ya ukaa huyala kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Nchi ya namna hiyo wataalamu huiita karsti. Lakini njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Ujiji ikapita Tabora hadi Bagamoyo, ilikuwa na mawe hayo huku na huku. Magharibi yapo mawe ya chokaa ya Ilagala, Kigoma. Mashariki, ukivuka bahari kutoka Bagamoyo, lipo pango la matumbawe la Mangapwani, Unguja, lenye maji baridi ndani yake.

Maji ndiyo yanayotisha. Kwenye mchanga, uchafu wa chooni huchujwa kabla ya kufika kisimani. Kwenye karsti hupita mashimoni kama kwenye bomba, ukatokea chemchemi ya mbali kabla hujamaliza kuuliza umetoka wapi. Mtaalamu humwaga rangi isiyo na madhara shimoni, kisha akangoja kwenye chemchemi zote kuona itatokea ipi. Ni kazi ya siku chache, na inaweza kuokoa kijiji kizima na kipindupindu.

Kisha kuna popo. Mkulima humwona popo kama mkosi, ingawa wapo wanaokula nondo waharibifu wa mazao, na wengine ndio wanaochavusha maua ya mibuyu usiku. Kinyesi chao ni mbolea nzuri. Kule Songwe kiliwahi kuchimbwa. Tatizo ni nani aingie, lini, na amevaa nini.

Uganda ililipa gharama ya kutojua. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi hiyo, waliugua Marburg baada ya kufanya kazi kati ya maelfu ya popo wa matunda. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kutembelea pango la chatu katika msitu wa Maramagambo. Kitaka wakaona dawa ni kuwaangamiza popo. Wakawaua. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena eneo hilo, na popo waliokuwa wamerudi mgodini walipopimwa, wenye virusi walikuwa kama 13 katika kila 100, wakati zamani walikuwa 5. Hasira ilikuwa imezidisha hatari. Maramagambo walitumia akili zaidi: walijenga chumba cha kutazamia, mgeni akawaona popo bila kuingia pangoni.

Tanzania nayo imepata Marburg mkoani Kagera, Machi 2023 na tena Januari 2025, mara hii ya pili wilayani Biharamulo. Si kila mlipuko hutoka pangoni. Hata hivyo, kwa anayefanya biashara Nzega na Kahama, Biharamulo si mbali.

Marekani ina sheria ya kulinda mapango tangu mwaka 1988, na hifadhi zake huajiri watu wa kupima, kuchora ramani, kuhesabu popo na kuwafunza waongoza wageni. Tanzania haihitaji kuiga yote hayo. Amboni pekee ingetosha kuwa darasa. Kwa miaka mingi watu waliambiwa njia zake zinafika Mombasa. Wapimaji waliofika mwaka 1994 wakakuta pango refu halifiki hata kilomita 1. Lile la Mombasa bado linasimuliwa kwa watalii.

Serikali ianze na nafasi 2 au 3 za mafunzo kwa vijana waliokwisha kusoma jiolojia, maji au wanyamapori, na somo la popo na mapango liingizwe chuoni Tabora, ambako tayari wanajua kumwingilia mdudu mkali bila kumchoma moto. Kazi ya kwanza iwe Ilagala na Songwe: kuchora kilichomo chini ya mawe kabla leseni nyingine ya kuchimba chokaa haijatolewa.