Pembe ni pembe? Ngoja uulizwe njiani!

Mimi huku Katumba mzima wa afya, ila mfukoni usiulize. Wiki hii sina umbea wa nani kamwacha nani. Nataka kukupasha habari ya neno moja tu, neno la herufi tano, lililonitia hasara mpaka nikakosa usingizi. Neno lenyewe ni pembe.

Wanaonisoma siku zote wanajua kwamba kalamu hii peke yake hainilishi. Tangu nimalize kidato cha nne natengeneza bangili na hereni, na bibi yangu anasuka vikapu. Bibi ni wa wale waliokimbia Burundi mwaka 1972, makazi ya Katumba yakafunguliwa mwaka uliofuata, na hadi leo mikono yake haijasahau vile vikapu vya mfuniko uliochongoka kama paa la msonge. Watu wanavinunua kuwekea zawadi za harusi. Mimi mkono wa kusuka sikujaliwa. Nilichorithi ni msumeno wa babu.

Basi kazi yangu ni pembe za ng'ombe. Nazifuata machinjioni Mpanda mjini, ambako zamani zilikuwa zikitupwa jalalani. Unazichemsha mpaka mfupa wa ndani ulegee utoke (harufu yake, majirani wanaijua!), unakata pete pete kwa msumeno, unapiga msasa, halafu unasugua na majivu na mafuta mpaka uone uso wako. Pembe ukiipasha moto inalainika, unaweza kuikunja utakavyo. Ikipoa, imekaa hivyo hivyo.

Sasa mwaka jana dada mmoja wa Dar aliona bangili zangu mkononi kwa mgeni wake, akanipigia simu. Ana sendofu ya mdogo wake Jumamosi ya wiki inayofuata, anataka bangili 24 na hereni jozi 24, wasimamizi wote wavae sare. Bei tukaelewana, akatuma nusu. Bibi akafungua fundo la khanga, akanikopesha 60,000 za waya wa brasi, msasa na nauli ya mzigo. Nilifanya kazi usiku na mchana. Jumatatu asubuhi nikaupeleka mzigo kwenye basi, nikajaza karatasi yao. Penye maelezo ya mzigo nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: Bangili za pembe.

Jumanne jioni simu ikaita, namba siijui.

"Dada, huu mzigo wako una nini ndani?"

"Bangili za pembe, kaka."

"Pembe ya nini?"

"Pembe tu, za kuvaa."

Kimya. Kisha: "Na mzigo umetokea wapi?"

"Katavi."

Hapo hata mimi nilisikia nilichokisema! Maana Kiswahili chetu kina ukarimu wa ajabu, pembe ya ng'ombe ni pembe, na jino la tembo nalo tunaliita pembe. Na Katavi ndiko kwenye Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1974, tembo wanapita, viboko wamejaa Mto Katuma wakati wa kiangazi kama mawe. Mtu anakuandikia "pembe" kutoka huko, wewe mkaguzi ungefikiri ng'ombe? Biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku mwaka 1989, na hapa kwetu Sheria ya Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 haina mzaha na mtu anayekutwa na nyara bila kibali. Yule kaka alikuwa anafanya kazi yake. Mzigo ukawekwa pembeni mpaka apatikane mtu wa kuutazama anayejua.

Alipatikana Jumapili. Alitazama kwa dakika mbili, akacheka, akasema ni ng'ombe, uende. Sendofu ilikuwa imeshapita jana yake. Wasimamizi walivaa bangili za plastiki za Kariakoo, na dada wa watu akadai hela yake. Alikuwa na haki. Nilimrudishia yote, nikabaki na bangili 24, hereni jozi 24 na deni la bibi.

Bibi hakufoka. Alisema tu, mali bila daftari hupotea bila habari, akaendelea kusuka. Afadhali angefoka.

Nilichojiuliza ni hiki: yule mtaalamu alitazama nini kwa dakika mbili? Nikauliza, nikajifunza, na leo nawapa bure. Pembe ya ng'ombe imetengenezwa na kitu kilekile cha kucha na nywele. Chovya sindano ya moto mahali pasipoonekana, itanuka nywele zilizoungua. Ndani ina uwazi, na ukiielekeza kwenye jua utaona mistari inayokwenda na urefu wake. Mfupa ukiutazama kwa karibu una vitundu na vidoa vidogo vidogo, ndimo damu ilimokuwa ikipita. Pembe ya ndovu ni jino, haina vitundu hivyo, na ukikata upande wa mviringo utaona mistari inayopishana kama nyavu. Wakaguzi wanaijua mistari hiyo kuliko wanavyojua majina ya wake zao.

Na singa za mkia wa tembo, zile bangili nyeusi ambazo vijana wanazitafuta wajione wazito, nazo ni nyara vilevile. Jino la kiboko hali kadhalika. Mtu akikuletea usiku kwa bei ya bure, mwambie akampe mama yake.

Lakini si pembe peke yake inayotaka jina kamili. Chukua kulabu za hereni. Muuzaji anakwambia "hii brasi", na brasi ya kweli ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ila madini ya bei poa mara nyingi yana nikeli, na wapo watu nikeli ikiwagusa tu sikio linavimba, linawasha, linatoa maji. Umoja wa Ulaya uliona tatizo hilo ukaweka sheria mwaka 1994 kubana nikeli kwenye vitu vinavyogusa ngozi. Shaba nyekundu yenyewe ikikutana na jasho inaacha rangi ya kijani mkononi. Hiyo haina madhara, unaosha inatoka, lakini mteja asipoambiwa mapema ataamini umemroga.

Shanga nazo zina mambo. Ya kioo ukiigusisha kwenye shavu ni baridi, ukiigonga kwenye jino inalia. Ya plastiki ina joto na haina sauti. Zote zinauzika, mradi usiuze hii kwa jina la ile. Na zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, za mtipitipi, ni nzuri kwa macho lakini ndani zina sumu kali. Ukizitoboa utunge mkufu, umeifungulia sumu mlango, na watoto hutia kila kitu mdomoni. Mimi nimeziacha.

Msidhani mambo haya ya kujua ulichobeba yameanza na simu za kisasa. Jirani zetu wa Ujiji karne ya 19 walikuwa wanatumia shanga kama fedha sokoni. Kulikuwa na shanga iitwayo sofi, mfano wa kipande cha kiko kilichovunjika, na kulikuwa na samesame, nyekundu kwa nje na nyeupe ndani. Msafara uliotoka pwani na shanga ambazo bara hawazipendi msimu huo ulikuwa umekwisha. Miezi ya kutembea, wapagazi wamechoka, mzigo mzito, na mama mwenye mihogo anautazama anatikisa kichwa. Yaani karaha ya mzigo kukataliwa mwisho wa safari ni ya mababu!

Haya, na njia zetu je? Kutoka huku una basi na una treni, ile ya tawi la Kaliua hadi Mpanda, kama kilomita 210, iliyojengwa enzi za Mwingereza kufuata madini ya risasi. Basi linawahi, treni ina nafasi. Vyote viwili vinatingisha. Hereni uzifunge kwenye kadi ngumu moja moja zisiumane, shanga za kioo uzizungushie gazeti (hili ukishalisoma!), na kikapu usikifunge kwenye nailoni kikiwa na unyevu, kitafika kimeota ukungu. Kianike kwanza, kisha ukijaze makaratasi ndani kisibonyee.

Ukituma nje kwa Posta, kifurushi kidogo mwisho kilo 2, na kuna karatasi ya forodha, CN 22, inayokuuliza kitu gani, kiasi gani, uzito gani, thamani gani. Usiandike "zawadi" ukadhani umekwepa ushuru. Ulaya tangu Julai 2021 hata kifurushi cha bei ndogo kinatozwa kodi, na Marekani nayo Agosti 2025 ilisimamisha ule msamaha wa vifurushi visivyozidi dola 800. Baadhi ya nchi zitataka pia cheti cha afya ya mimea kwa kitu cha majani au mbegu. Uliza kabla ya kufunga, mzigo ukishaondoka hauna masikio.

Tena forodha dunia nzima wana namba za bidhaa. Vidani visivyo vya madini ya thamani viko 7117. Vitu vilivyochongwa, kama vijiko na visanduku, vya pembe ya ng'ombe na vya pembe ya ndovu vimo kifungu kimoja, 9601! Vinatenganishwa na tarakimu za mwisho tu, ndovu 10, vingine 90. Kumbe hata wao walituweka nyumba moja, wakatugawia vyumba.

Siku hizi kila mzigo wangu una kikaratasi juu na kingine ndani: "Bangili 24, pembe ya ng'ombe wa kufugwa, machinjio ya Mpanda. Kulabu za brasi, hazina nikeli." Hilo la nikeli siandiki mpaka nimejua waya umetoka wapi. Nisipojua, naandika sijui. Amini usiamini, kuna wateja wamenunua kwa sababu ya hilo neno sijui.

Zile bangili 24 niliziuza moja moja, nyingine kwa bei ya kutupa. Deni la bibi nimemaliza mwezi uliopita, shilingi ya mwisho nikaiweka mkononi mwake. Akaihesabu, akaifunga kwenye khanga, akanisogezea kikapu kipya.

"Na changu kiandikie."

"Niandike nini, bibi?"

"Kilivyo."

Nikaandika: Majani makavu, uzi wa mkonge, rangi ya dukani, mikono ya Katumba. Akaniambia nimsomee mara mbili.

Haya wapenzi, kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na wewe mwenye mzigo wako mlangoni, kabla hujauita jina, ufungue kwanza uangalie.