Tuwape wanafunzi fremu zilizovunjika

Imekita mizizi katika shule zetu dhana kwamba uvumbuzi ni kazi ya viwanda vikubwa vya ng'ambo, na kwamba wajibu wa mwanafunzi ni kukariri majina ya wavumbuzi ili ayaandike katika karatasi ya mtihani. Mimi ni mwalimu wa fizikia na dhana hii nimeisikia hata katika chumba cha walimu. Naipinga, na shahidi wangu ni baiskeli ya milimani.

Katika miaka ya 1970, vijana wa eneo la Marin, California, huko Marekani, walikuwa na mazoea ya kuteremka milima kwa baiskeli kuukuu za Schwinn. Mteremko mmoja waliuita Repack, kwa sababu grisi iliyomo ndani ya breki ya nyuma iliungua kwa joto, wakalazimika kuijaza upya baada ya kuteremka. Mashindano ya kwanza ya Repack yalifanyika Oktoba 1976. Fremu zao zilipinda na kuvunjika mara kwa mara, maana ziliundwa kwa ajili ya watoto wa mitaani na wauza magazeti, wala si kwa majabali.

Mwaka 1977 Joe Breeze, fundi wa fremu za baiskeli za barabarani, aliombwa na mwenzake Charlie Kelly amtengenezee fremu iliyo imara zaidi. Breeze aliuiga mwinamo wa uma wa mbele wa Schwinn ile ile kuukuu, kwani ulikuwa umethibitika mlimani. Alichobadilisha ni chuma chenyewe: alichagua mabomba ya chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, kisha akaongeza mabomba mawili membamba ubavuni, kutoka shingo ya usukani hadi gurudumu la nyuma. Kufikia 1978 alikuwa ameunda baiskeli kumi tu. Mwaka 1979 Kelly na Gary Fisher walianzisha kampuni ndogo ya kuuza baiskeli zenye fremu za fundi mwingine, Tom Ritchey, nayo Schwinn, kampuni kubwa ya Chicago, ikachelewa kuutilia maanani mchezo huo. Mwaka 1992 Schwinn ilifilisika, ingawa kwa sababu nyingi. Miaka minne baadaye mbio za baiskeli za milimani ziliingia katika Olimpiki za Atlanta.

Walichokuwa nacho vijana wale ni vyuma vilivyovunjika na udadisi wa kuuliza vimevunjikia wapi. Aghalabu fremu haikatiki kwa pigo moja. Hupata ufa mdogo karibu na kiungo kilichochomelewa, na kila mtikiso huurefusha ufa huo, mpaka siku moja bomba likatike chini ya mzigo wa kawaida kabisa. Mwanafunzi akitazama vizuri mahali palipokatika ataona sehemu laini ulikotambaa ufa, na sehemu yenye chembechembe ambako chuma kilishindwa ghafla. Hakuna mchoro wa ubaoni utakaomfundisha hayo.

Fremu za namna hiyo tunazo tele. Nenda kwa fundi yeyote wa jua kali karibu na soko, utaona jinsi anavyoongeza nondo chini ya kiti cha mizigo cha baiskeli ya boda boda. Huyo anabuni fremu mpya kila juma, ila hakuna anayemwuliza kwa nini nondo ameiweka pale na si pengine.

Wenzangu wataniambia kwamba silabasi ni ndefu na muda haupo. Lakini fremu moja inatosha kufundishia kani, momenti na sifa za metali, mada ambazo tunazifundisha kwa majuma kadhaa huku nusu ya darasa ikisinzia! Karakana zilizojengwa na wazazi kwa harambee mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ziligeuzwa maghala katika shule nyingi, na mtaala wa umilisi hautazifungua wenyewe. Ninachowaomba walimu wakuu ni ufunguo, vipindi viwili kwa juma, na idhini ya kumwalika fundi wa sokoni aje darasani, alipwe ujira wake wa siku kama mgeni mwingine yeyote anayealikwa shuleni. Fremu zenyewe tutazinunua kwa kilo, kwa bei ya vyuma chakavu.