Wa Bara Nao Waijue Bahari

Wako wasemao kwamba habari za merikebu ni za watu wa pwani, na kwamba sisi wa Uganda, tusio na bahari, yatutosha kulijua ziwa letu. Mimi nasema sivyo. Asiye na mlango wake mwenyewe ndiye apaswaye zaidi kuijua njia ipitayo kwa jirani.

Tutazame kahawa yetu. Kutoka Kampala husafiri zaidi ya kilometa 1,100 mpaka Mombasa, ndipo ipakiwe melini. Ile iendayo Italia, nchi inunuayo kahawa yetu kwa wingi, njia yake fupi ni Ghuba ya Aden, mlango wa Bab el Mandeb, Bahari ya Sham, na Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869. Njia hiyo ni nyembamba, na chembamba huzibika upesi. Machi 2021, meli iitwayo Ever Given, yenye urefu wa meta 400, ilikwama ikauziba mfereji kwa siku sita, na meli zaidi ya 300 zikangoja. Tena, tangu Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen waliposhambulia meli katika Bahari ya Sham, kampuni nyingi zilizipitisha meli zao Rasi ya Tumaini Jema. Itokayo Mombasa kwenda Italia kwa njia hiyo yabidi ilizunguke bara la Afrika hadi Gibraltar. Siku zikizidi, mafuta yazidi, na mishahara ya mabaharia yazidi. Mkulima wa Masaka hawezi kusema kwamba hayo hayamhusu.

Zamani ni wenye meli tu waliojua chombo kiko wapi. Leo sheria ya kimataifa yataka kila meli ya tani 300 na zaidi, isafiriyo kati ya nchi na nchi, iwe na chombo cha redio kinachotangaza jina lake, mahali ilipo, mwendo wake na uelekeo wake. Kilikusudiwa kuzuia meli zisigongane. Lakini kwa kuwa matangazo hayo husikiwa na minara ya pwani na setilaiti, hata mwanafunzi wa Mbale aweza kuiona meli katika kompyuta.

Basi natoa shauri. Katika chumba cha Jiografia itundikwe ramani ya dunia, na kila darasa lichague meli moja ya Mombasa, lipige alama yake kila Jumamosi. Meli iendayo maili 15 za baharini kwa saa hukata maili 360 kwa siku: wanafunzi na wakadirie wenyewe itafika lini, kisha waone kama wamepatia. Hiyo ni hesabu na jiografia kwa pamoja.

Wengine watasema huo ni mchezo, tena haumo katika mtihani. Nami nawajibu kwamba una funzo jingine kubwa: kutokuamini kila kitu kionekanacho kiooni. Bandari iendewayo huandikwa kwa mkono na ofisa wa meli, naye aweza kukosea. Nahodha aweza kukizima chombo chake. Jina la meli laweza kubadilishwa, na bendera pia; namba yake ya tarakimu saba ndiyo idumuyo maisha yake yote. Na kufuata meli si kufuata gunia, maana mzigo mara nyingi hushushwa njiani na kupakiwa meli nyingine.

Ninyi wakubwa wetu mliokwisha kumaliza shule, mlio katika kazi za forodha na uchukuzi, njoni mtueleze mzigo hukwama wapi na kwa nini. Kesho sisi ndio tutakaouza kahawa hii. Haifai tuingie sokoni hali hatujui hata njia ipitayo.