Tahadhari Isiyotaja Mahali

"Mwalimu, hizo sehemu zilizoinuka ni zipi?" Swali hili niliulizwa na mzee mmoja pale Minjila baada ya mafuriko ya 2024. Redioni alikuwa amesikia wakazi wa kando ya Mto Tana wakihimizwa kuhamia "sehemu zilizoinuka". Alininyoshea mkono tambarare iliyotuzunguka pande zote. Mimi nifundishaye isimu nilikosa jibu.

Nchini Japani, tangu Oktoba 2007, wananchi hupewa tahadhari ya tetemeko la ardhi sekunde chache tu kabla ya mtikisiko mkubwa. Muda huo hautoshi maelezo. Kwa hiyo watu hufundishwa mapema la kufanya wausikiapo mlio. Sisi wa Tana tumejaliwa zaidi. Mabwawa ya juu ya mto, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yanapofurika, maji huchukua siku kadhaa kufika Garsen. Wenzetu wana sekunde, sisi tuna siku, nasi siku hizo tunazipoteza kwa maneno yasiyoshikika.

Chukua neno "huenda". Mtabiri wa hali ya hewa hulitumia kwa uaminifu, kwani anapima uwezekano. Msikilizaji hulipokea kuwa ni shaka, akabaki nyumbani. Kauli zikigongana, hali huwa mbaya zaidi. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Nino ya maangamizi iliyohofiwa haitakuwapo. Novemba mafuriko yakaja, yakaua watu.

Naamini tahadhari ni kauli ya kutendewa kazi, si habari ya kusikilizwa tu. Wenye mamlaka wataje vijiji kwa majina, siku ya mwisho ya kuondoka, shule itakayopokea watu na mahali pa kupeleka mifugo. Waseme pia ni njia ipi ipitike, maana mwaka 2024 hata barabara ya Garsen kwenda Lamu ilifungwa na maji. Na wayaseme hayo kwa Kipokomo na Kiorma pia, si kwa Kiswahili cha ofisini pekee.

Nasi wasikilizaji tuna wajibu wetu. Tukihama, kisha maji yasije, tusimwite mtabiri mwongo. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Hawakuahidi kwamba kila hatari itafika.

Kabla ya masika mengine, mzee wa Minjila ajibiwe swali lake.