Ile 100% kwenye skrini siyo afya ya betri. Andika namba halisi!

Wauza laptopu za mtumba wenzangu, leo tuambiane ukweli. Ukipita kwenye matangazo yetu, maneno ni yaleyale: "Mashine safi, betri 100%, inakaa na chaji saa 6." Naomba kuuliza, hiyo 100% umeitoa wapi?

Mimi nilikuwa naisoma pale pembeni ya skrini. Nachaji, ikijaa napiga picha, naposti. Mwaka jana nikamuuzia mwalimu mmoja mashine ya namna hiyo, nikaituma kwa basi mpaka Singida. Siku ya tatu simu ikaita: "Kaka, uliniambia saa sita, mbona hii haifiki hata mbili?" Nikabishana naye wee, nikamwambia labda anafungua vitu vingi kwa wakati mmoja. Nilipokuja kuelewa betri, nikajua mwenye makosa ni mimi. Nilimrudishia sehemu ya hela yake, lakini hakununua tena kwangu, na walimu wenzake nao nikawakosa.

Kosa langu lilikuwa hili. Asilimia ya kwenye skrini inakwambia betri imejaa kiasi gani kwa uwezo ilionao LEO. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mchanga chini. Ukiijaza maji itafika juu kabisa, lakini lita 20 za maji hazimo. Afya ya betri ni kujua yanaingia maji kiasi gani sasa, ukilinganisha na siku ndoo ilipotoka kiwandani.

Kupima ni bure. Kwenye Windows tafuta cmd, ifungue, andika powercfg /batteryreport kisha bonyeza Enter. Itakuonyesha faili limehifadhiwa wapi. Lifungue, utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni ujazo wa kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni ujazo wa sasa. Gawanya wa sasa kwa wa kiwandani, zidisha mara 100. Ukikuta kiwandani 50,000 mWh na sasa 39,000 mWh, afya ni 78%.

Angalia na CYCLE COUNT, yaani mizunguko ya chaji. Mzunguko mmoja ni matumizi yakifika 100% kwa jumla: leo umetumia 50, kesho 50, hapo ni mmoja. Mashine nyingine hazionyeshi namba hiyo, usijali.

Sasa, 78% ni mbovu? Hapana! Betri za lithiamu huzeeka hata zikitunzwa. Nyingi hutengenezwa zikitarajiwa kubaki na kama 80% baada ya mizunguko 300 hadi 500, na nyingine, kama za MacBook nyingi, hufika 1,000. Laptopu iliyofanya kazi ofisini miaka minne ikiwa na 78% imezeeka kawaida tu, kama tairi lililotembea.

Najua utasema: "Nikiandika 78% mteja atakimbilia kwa jirani aliyeandika 100%." Wapo watakaokimbia, sikatai. Lakini huyo ukimficha atakuja kugundua akiwa nyumbani, na hapo anadai hela yake huku anakusema kwenye magrupu. Bora akukimbie kabla ya kulipa. Na anayenunua akiwa ameiona namba, ananunua kwa moyo mmoja. Hujamuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo mimi sasa nafanya hivi:

👉 Naweka picha ya ripoti kwenye posti, tarehe ionekane.
👉 Siahidi saa. Anayeandika barua na anayehariri video hawawezi kukaa na chaji sawa. Nasema nimecheza video, mwanga wa skrini nusu, imekaa muda huu.
👉 Betri ikiwa imechoka sana, nampa mteja bei mbili: kama ilivyo, au na betri mpya. Achague mwenyewe.
👉 Mzigo unaosubiri wateja nauzima ukiwa na chaji kama nusu, na siuweki juani. Joto linaua betri haraka, na kuiacha imekwisha kabisa kwa miezi nako kunaiharibu.
👉 Betri iliyovimba siuzi. Ukiona sehemu ya kugusia kidole imeinuka au mfuniko umeachana, zima, usichaji, usiitoboe, peleka kwa fundi. Hiyo inaweza kushika moto, na hakuna punguzo la bei linaloifidia.

Mteja wa mtandaoni haishiki mashine kabla ya kulipa, anaamini maneno yako tu. Mpe namba ya kweli.

Wewe kwenye tangazo lako la mwisho uliandika afya ya betri? Sema ukweli hapo chini 👇