Swali la Mwanafunzi na Muhasaba wa Mwaka Mmoja wa Kusoma

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, wafanyabiashara wa hapa mjini Mbeya wana ada ya kufunga duka siku moja au mbili kila mwisho wa mwaka ili wahesabu mali iliyobaki, iliyouzwa na iliyoharibika. Mwaka wa 1446 Hijria ulipomalizika, mwishoni mwa Juni 2025, niliona si vibaya mwalimu wa madrasa naye ahesabu alichokisoma. Nilikuwa na daftari ambamo nimeandika jina la kila kitabu nilichokifungua tangu Muharram, tarehe niliyokianza na tarehe niliyokimaliza. Hesabu ikatoka hivi: vitabu kumi na tisa, kumi na vinne vya Kiarabu, vinne vya Kiswahili, na kimoja cha Kiingereza nilichokisoma kwa taabu na kamusi mkononi. Katika hivyo vya Kiarabu, sita sikuvimaliza.

Hesabu hiyo ingeweza kunipa kiburi. Lakini nilipojiuliza ni vitabu vingapi vilivyobadilisha neno hata moja ninalolisema mbele ya wanafunzi wangu, nilivipata viwili tu. Na hivyo viwili nisingevisoma kwa namna niliyovisoma lau si swali la mtoto mmoja.

SWALI LENYEWE

Ilikuwa mwezi wa Safar, Agosti 2024, katika darsa ya Sira. Nilikuwa naeleza jinsi maswahaba walivyohajiri kwenda Habasha wakapata hifadhi kwa mfalme muadilifu. Mwanafunzi mmoja wa umri wa miaka kumi na mitatu, ambaye asili ya wazee wake ni Usangu, akanyoosha mkono: "Ustadh, huku kwetu Uislamu ulifika lini, na aliyeuleta ni nani?"

Mimi nimesoma elimu ya juu kwa Kiarabu. Naweza kukutajia watawala wa Andalus na miaka yao, na nani alijenga Baghdad na kwa nini. Kuhusu ardhi hii niliyozaliwa sikuwa na jibu. Nikatoa jibu ambalo wengi wetu tumezoea kulitoa: kwamba uliletwa na wafanyabiashara wa pwani, na watu wakavutiwa na tabia zao njema, ukweli wao na uaminifu wao.

Mtoto akasema kwa adabu: "Lakini Ustadh, babu anasema waliokuja na kanzu walikuja na bunduki, na walichukua watu."

Nikamwambia kuwa hayo ni maneno ya maadui wa dini, aketi. Akaketi. Kwa wiki nyingi baada ya hapo hakuuliza swali lolote, si la Sira wala la Fiqhi. Kilichonisumbua ni kwamba nilijua moyoni kuwa sijui, na bado nilimnyamazisha kwa cheo changu cha ualimu.

VITABU VIWILI

Kitabu cha kwanza ni Muqaddima ya Ibn Khaldun, aliyefariki Misri mwaka 808 Hijria, sawa na 1406. Niliisoma nikiwa chuoni, nikaifanyia mtihani na kufaulu. Niliporejea kuisoma mwaka huu nilikuta kuwa kumbe sikuisoma. Mwanachuoni yule anawakemea wanahistoria wanaopokea habari na kuzipitisha bila ya kuzipima. Anatoa mfano wa idadi ya jeshi la Bani Israil zama za Nabii Musa (A.S.), ambalo wengine walisema lilizidi watu laki sita. Anaipima idadi hiyo kwa ukubwa wa nchi, kwa namna jeshi linavyopangwa na kwa vizazi vilivyopita, kisha anaikataa. Anasema pia kuwa miongoni mwa milango ya uongo katika habari ni mtu kuegemea upande wake. Nafsi ikishaegemea rai au madhehebu, huipokea habari inayoafikiana nayo bila ya kuichunguza. Nilipofika hapo nilikumbuka jibu langu darasani.

Kitabu cha pili ni kidogo, na nilitumiwa nakala yake na rafiki yangu kutoka Dar es Salaam. Ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayatia katika herufi za Kirumi na kuyachapisha mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wengi tumelisikia jina lake, lakini wachache wetu tumemsoma kwa maneno yake mwenyewe.

Humo anasimulia safari zake za bara, na miongoni mwa njia alizopita ni Urori, jina ambalo watu wa misafara waliipa Usangu. Ndugu msomaji, hiyo ni ardhi ya wazee wa mwanafunzi wangu. Mwandishi hasimulii kama mtu anayeungama dhambi. Anasimulia kama mfanyabiashara: pembe za ndovu kiasi gani, bunduki ngapi, vita gani, mateka wangapi, deni la nani. Hana haja ya kuusingizia Uislamu, kwani yeye mwenyewe ni Mwislamu na anajitaja hivyo.

Sisemi kuwa kitabu hicho kilinithibitishia kila alichosema babu wa mtoto kuhusu kijiji chake. Wala sisemi kuwa watu wa pwani ndio peke yao waliohusika. Watawala wa bara nao walipigana, wakateka na wakauza. Lakini msafara anaoueleza Hamed bin Muhammed ndio uleule alioueleza yule babu. Katika elimu ya Hadithi tunafundishwa kumtazama mpokezi kabla ya kuikataa habari yake. Mimi niliikataa habari kabla hata ya kumjua mpokezi. Babu yule hakuwa adui wa dini. Alikuwa mpokezi aliyepokea kutoka kwa wazee wake.

MZEE WA IRINGA

Likizo ya Desemba 2024 nilikwenda Iringa kwa wakwe zangu. Basi la Mbeya hadi Iringa, kupitia Igawa, Makambako na Mafinga, huchukua sehemu kubwa ya mchana, na nusu ya kitabu cha Hamed niliisomea humo. Nilikwenda Kalenga, kwenye makumbusho lilipohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na ambalo lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Nilisoma maelezo yote ya ukutani kama mwanafunzi wa darasa la nne, kwa sababu mengi sikuyajua.

Lakini faida kubwa zaidi niliipata msikitini. Baada ya sala ya Alasiri nilimwamkia mzee mmoja, umri wake umepita miaka themanini, nikamuuliza baba yake alisilimu vipi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, hilo sijawahi kuulizwa."

Akanisimulia. Baba yake alikuwa kijana asiye na kazi. Fundi cherehani mmoja kutoka pwani alipanga chumba nyumbani kwao. Mchana alishona, usiku, kwa kibatari, alimfundisha kijana yule herufi kwenye ubao. Hakuwa na bunduki wala mali. Mtu akifiwa, fundi alifunga cherehani akaenda kuchimba kaburi, awe marehemu Mwislamu au si Mwislamu. Mzee hakulijua jina lake kamili. Walimwita Fundi tu.

Nikayaandika yote katika daftari langu: nani kasimulia, kutoka kwa nani, wapi na lini. Naihesabu karatasi hiyo kuwa kitabu cha ishirini cha mwaka ule.

KURUDI DARASANI

Madrasa ilipofunguliwa nilisimama mbele ya wanafunzi nikasema kuwa jibu nililolitoa mwezi wa Safar halikuwa la elimu, na kwamba nilimkosea mwenzao. Nikawaeleza mambo matatu: kwamba walikuja Waislamu waliofanya biashara ya watu, na hiyo ilikuwa dhulma, kwamba walikuja pia kina Fundi, ambao hawakuacha majina, na kwamba yaliyobaki sijayajua, tutayatafuta pamoja. Mtoto akauliza: "Kwa hiyo babu hakudanganya?" Nikamjibu: "Hakudanganya." Siku ileile aliuliza maswali mengine mawili.

Baadhi ya walimu wenzangu hawakupendezwa. Walisema nimewapa watu silaha ya kuutukana Uislamu, na kwamba watoto bado wadogo. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Mtoto yule habari alikuwa nayo tayari, kutoka kwa babu yake, na biashara ya utumwa ataisoma katika somo la Historia shuleni. Tukikanusha leo jambo ambalo kesho atalikuta limeandikwa na Mwislamu aliyelitenda, basi atatilia shaka hata yale ya kweli tuliyomfundisha. Na Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa imetuamrisha kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa. Sijaona ndani yake ruhusa ya kuiacha historia ya pwani na bara.

Wengine watasema: mwalimu wa madrasa ana muda gani wa kusoma, na vitabu atanunua kwa fedha ipi? Posho zetu zinajulikana, na wengi wetu asubuhi tuko shambani au sokoni. Hata hivyo, Mbeya na Iringa zote zina maktaba za mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na mara nyingi nikiingia humo sioni kofia nyingine isipokuwa yangu. Kurasa kumi baada ya sala ya Alfajiri, katika mwaka wa Hijria wa siku 354, ni zaidi ya kurasa elfu tatu na mia tano.

Rai yangu ni hii. Kwanza, kila mwalimu awe na daftari la anachokisoma na alihesabu kila mwaka. Pili, pamoja na vitabu vya Kiarabu, tusome vya Kiswahili na vinavyohusu ardhi tunayoikanyaga. Tatu, kila madrasa ya mikoa hii iwatume wanafunzi wake wakubwa wakaandike masimulizi ya wazee pamoja na wapokezi wake. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (Allah amrehemu) aliandika kwa Kiswahili habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, na sehemu kubwa ya kitabu chake ni watu wa pwani na visiwani. Kazi ya Nyanda za Juu Kusini haikuwa yake. Ni yetu, na wazee wanaoweza kutusaidia wanaondoka.

Kwa mwaka wa 1447 nimejiwekea vitabu kumi tu, nivimalize. Na mzee wa Iringa nimemwahidi kurudi, kwani amekumbuka kuwa yupo binti wa yule Fundi, huenda angali hai Makambako.

Wabillahi tawfiq.