Muhtasari wa Kikao cha Ukoo: Karatasi Isiyokuwepo Kwenye Sheria

Mwezi wa pili baada ya kumzika baba, mama aliamka saa kumi na moja alfajiri, akafunga bahasha ya kaki ndani ya kanga, tukapanda bodaboda hadi barabara kuu na kutoka hapo basi. Ndani ya bahasha kulikuwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, barua ya mtendaji wa kijiji na picha zake nne ndogo. Alikuwa amejiandaa. Mama ni mtu wa kujiandaa.

Tulipofika, kwenye mahakama ya mwanzo ambayo jina lake nitalihifadhi, mkoani kwetu Singida, karani alizipanga karatasi zile mezani moja moja. Alipomaliza akainua macho.

"Mama, muhtasari uko wapi?"

"Muhtasari wa nini, baba?"

"Wa kikao cha ukoo. Bila muhtasari hatuwezi kufungua mirathi. Mkakae, mmteue msimamizi, wote wasaini, ndipo mrudi."

Alisema kwa upole, siwezi kumsingizia. Alisema kama mtu anayesoma kipengele cha sheria. Na sisi tukapokea hivyo hivyo, kama sheria, tukarudi kijijini.

Sasa nieleze kilichotokea kijijini, maana hoja yangu yote imekaa hapo. Ukoo ukakaa. Baba mkubwa akafungua kwa sala. Baba mdogo akasema maneno mazuri kuhusu marehemu, wanawake wakajifuta machozi. Halafu ikaja ajenda. "Shemeji," baba mdogo akamwambia mama, "sisi hatuna neno na wewe. Nyumba ni yako, kaa na watoto. Mafao ya marehemu kafuatilie. Ila lile shamba la bondeni ni la ukoo. Iandikwe hivyo kwenye muhtasari, tutasaini leo leo."

Shamba la bondeni ni ekari nane za alizeti. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, asubuhi yuko darasani. Aliyelivunja lile pori kwa jembe la mkono, aliyepalilia, aliyebeba magunia mpaka barabarani kwa miaka zaidi ya ishirini, ni mama. Kila mtu aliyekaa kwenye kile kikao alilijua hilo. Baadhi yao alishawahi kuwalipa vibarua humo humo.

Mama akakataa. Basi wakakataa kusaini. Miezi saba ikapita hivyo. Fedha za baba zikakaa benki, kwa sababu benki inataka barua ya usimamizi kutoka mahakamani, mahakama inataka muhtasari, na muhtasari unataka saini ya mtu anayelitaka shamba. Mdogo wangu wa mwisho akarudishwa shule kwa kukosa mahitaji. Na mimi, mwandishi wa habari mwenye shahada, ninayelipwa kuuliza maswali, nikampigia mama simu nikamwambia: "Mama, saini tu yaishe."

Akasaini. Yakaisha.

Mwaka mmoja baadaye nilikuwa naandaa habari nyingine kabisa, ndipo kwa mara ya kwanza nikasoma mwenyewe Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Ndilo linaloongoza mirathi katika mahakama za mwanzo. Linasema mahakama inaweza kumteua msimamizi kwa maombi ya mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi, au hata kwa uamuzi wake yenyewe bila kuombwa. Linasema pia inaweza kumteua mtu wa nje, mwaminifu na asiyeegemea upande. Nikarudia kusoma. Nikatafuta kanuni zake, Tangazo la Serikali Na. 49 la mwaka 1971. Kuna Fomu Na. I ya maombi. Kuna tangazo kwa umma ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kuna Fomu Na. IV ya kumteua msimamizi. Kuna Fomu Na. V ya orodha ya mali na madeni, ambayo msimamizi anapaswa kuiwasilisha ndani ya miezi minne, na Fomu Na. VI ya hesabu.

Muhtasari wa kikao cha ukoo haumo.

Ni mazoea. Mazoea yenye sababu zake, nitazieleza, lakini mazoea. Nasema hivi: mazoea yanayompa mdai mmoja ufunguo wa mlango wa mahakama, ili mdai mwenzake asiingie mpaka alipe, hayastahili kuitwa utaratibu. Ni ushuru.

Wapo watakaonijibu haraka, na nawaheshimu. Watasema ukoo ndio unaojua watoto wa marehemu wote, hata wale wa nje ya ndoa ambao mjane angependa wasahaulike. Ni kweli. Watasema hakimu hawezi kumjua kila mtu kijijini, anahitaji pa kuanzia. Kweli pia. Watasema bila ukoo nani angechimba kaburi, nani angelisha waombolezaji? Kweli tupu, na baba zangu hao hao walichimba.

Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuidhinisha ni kingine. Ukoo una maarifa, basi uitwe kama shahidi. Sheria imeshaweka nafasi yake: tangazo linabandikwa, mwenye neno analeta pingamizi, hakimu anasikiliza pande zote mbili mchana kweupe. Baba mdogo kama anaamini shamba ni la ukoo, aje aseme mbele ya hakimu, aulizwe lilipatikanaje, nani alilifyeka. Pale asingethubutu. Ndiyo maana alipapenda kwenye kikao, ambako hakuna wa kumuuliza.

Na tusijidanganye kwamba hili ni suala la baba zangu wawili wenye tamaa. Nyuma yao kuna maandishi. Mwaka 1963, kwa Tangazo la Serikali Na. 436, serikali iliandika mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo imeandikwa kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; atatunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Binti naye akawekwa daraja la mwisho. Watu waliokaa kwenye kikao chetu hawajawahi kuliona tangazo hilo. Hawakuhitaji kuliona. Linaishi vichwani mwao, na hakimu akidai saini zao, analiingiza mahakamani kwa mlango wa nyuma bila hata kulitaja.

Wapo waliopigana nalo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke kutoka Kagera aliyeuza ardhi aliyoirithi kwa wosia wa baba yake, na mpwa wake Bernardo Ephrahim akataka mauzo yafutwe kwa sababu muuzaji ni mwanamke. Jaji akasema hapana: kanuni hiyo ni ya kibaguzi na Katiba haiiruhusu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zikaja na msimamo kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Ungedhani mambo yamekwisha. Wajane wawili wa Shinyanga walipokwenda Mahakama Kuu wakiomba kanuni za 1963 zitamkwe kuwa batili, mwaka 2006 mahakama ilikiri kuwa ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzigusa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaiondoa rufaa yao kwa kasoro ya nyaraka. Wakafika mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imekiuka haki zao. Wajane kutoka Shinyanga, jamani, mpaka Umoja wa Mataifa, kudai walichokichuma na waume zao.

Kwenye semina tunaambiwa dawa ni wosia. "Watanzania hatupendi kuandika wosia," msemaji anasema, ukumbi unatikisa kichwa. Sawa, andikeni, RITA wanautunza. Lakini naona wepesi mno katika kumlaumu marehemu. Baba hakuacha wosia, na sheria inajua kwamba wengi hawaachi, ndiyo maana ikaweka usimamizi. Kosa la marehemu kutoandika haligeuki kuwa haki ya nduguye kuchukua.

Kuna jambo la lugha pia. Kijijini kwetu neno "msimamizi" linasikika kama "mrithi". Ukiteuliwa, watu wanasema, "Mali amepewa fulani." Kumbe msimamizi ni mtumishi: anakusanya, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu, anaondoka. Laiti hili lingeelezwa kwa sauti siku ya kwanza, nusu ya vita za vikao ingekosa sababu. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya wala wafadhili. Inahitaji karatasi moja kwenye ubao wa matangazo wa kila mahakama ya mwanzo: msimamizi ni nani, fomu ni zipi, na kwamba muhtasari wa ukoo unaweza kusaidia lakini kukosekana kwake hakumzuii mtu kufungua mirathi. Basi.

Nilipomweleza mama niliyoyasoma, alikuwa anachambua mchele. Hakuacha.

"Kwa hiyo ile karatasi haikuwa lazima?"

"Haikuwa lazima, mama."

Akakaa kimya kidogo. "Na wewe ndiye uliyeniambia nisaini."

Sikuwa na la kujibu, na sina hadi leo. Shamba la bondeni analima mtu mwingine. Ninachoweza kufanya ni kukuomba wewe, ambaye mzazi wako bado yupo au amezikwa wiki iliyopita: karani akikuuliza muhtasari uko wapi, muulize kwa adabu ni kifungu gani cha sheria kinachoudai. Kisha usitoke mpaka upelekwe kwa hakimu.